Ndoa ya nyumbani, sheria ya Texas: mwongozo kamili wa sheria ya familia ya jimbo

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na Waswahili wenzangu hapa Houston ni hili: "Sisi tulioana Tanga, kwa shekhe, cheti cha BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, tunacho. Mahakama ya Texas inatuhusu nini?" Mkenya huniuliza hivyo kwa ndoa ya kimila, Mkongomani kwa ndoa waliyofunga wakiwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Jibu langu halibadiliki. Unapoishi ndipo sheria ya ndoa yako ilipo. Ulikofunga ndoa kunathibitisha tu kwamba mmeoana. Mambo ya kuachana, watoto, nyumba na matunzo yanaamuliwa na jimbo unaloamkia kila asubuhi.

Mimi si wakili. Nimewasindikiza watu mahakamani kama mkalimani wa kujitolea, nikaona wanapokwama, na wengi hukwama palepale. Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya anayeishi Texas. Uliye jimbo jingine, chukua mpangilio wa maswali, lakini majibu yatafute kwenye sheria za jimbo lako.

Anza kwa kujua sheria ni ya nani

Marekani haina sheria moja ya ndoa kwa nchi nzima. Kila jimbo kati ya 50 lina sheria yake ya familia, na Washington DC ina yake. Serikali ya shirikisho inashika mambo ya pembeni: uhamiaji, pasipoti, kodi, mafao ya kazini. Talaka yenyewe, ulezi wa watoto na mgawanyo wa mali ni vya jimbo. Hapa kwetu vyote vimo kwenye Kanuni ya Familia ya Texas.

Kwa hiyo ushauri wa shemeji aliyeko Minneapolis unaweza kuwa wa kweli kabisa kwake na wa hatari kwako. Minnesota ilifuta ndoa za kuishi pamoja bila cheti mwaka 1941. Texas bado inazitambua. California inataka miezi sita ipite kabla talaka haijakamilika. Texas inataka siku 60. Majimbo tisa, yakiwemo Texas, California na Arizona, yanahesabu mali iliyochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili tangu siku ilipopatikana. Majimbo mengine yana utaratibu tofauti. Mtu akikuambia "Marekani sheria inasema hivi", muulize kwanza ni jimbo gani.

Ili mahakama ya Texas ipokee ombi la talaka, mmoja wenu awe ameishi Texas miezi sita mfululizo kabla ya kufungua, na awe amekaa siku 90 kwenye kaunti anayofungulia. Mmoja anatosha. Kwa watoto kipimo ni kingine: kwa kawaida jimbo lenye mamlaka ni lile ambalo mtoto ameishi miezi sita iliyopita. Umehamia Dallas mwezi jana kutoka Ohio na watoto? Huenda suala lao bado ni la mahakama ya Ohio.

Je, kwa macho ya Texas mmeoana?

Ndoa iliyofungwa nje kihalali kwa sheria ya huko, Texas kwa kawaida inaitambua. Tafuta cheti, kitafsiriwe kwa Kiingereza na mtu mwenye sifa, na uweke nakala mahali ambapo mwenzako hawezi kukitoa bila wewe kujua. Nasema hivi kwa sababu vyeti hupotea wakati mbaya.

Wengi hushtuka wakisikia sehemu hii. Texas ina ndoa isiyo na cheti wala sherehe. Inahitaji mambo matatu: mmekubaliana kuwa mume na mke, mnaishi pamoja Texas kama mume na mke, na mnajitambulisha kwa watu kuwa mume na mke. Hakuna idadi ya miaka. Ile habari ya kwamba mkikaa miaka saba mnakuwa mmeoana ni uvumi. Kwa hiyo kijana aliyelipa mahari Kisii, akaleta mke, hawakwenda kwa karani wa kaunti, lakini fomu za kodi wanaandika "tumeoana" na kanisani wanaitwa Baba na Mama Fulani, huyo ana ndoa. Akitaka kuachana anahitaji talaka ya mahakama kama aliyefunga kanisani. Ila wakishatengana, miaka miwili ikapita bila yeyote kufungua kesi, sheria inaanza kudhani hawakuwahi kukubaliana kuoana, na anayedai kinyume ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kama ndiye unayehitaji haki kutoka kwenye ndoa ya namna hiyo, usikae ukingoja.

Mke wa pili ni suala gumu na sitalizunguka. Ndoa ya pili wakati ya kwanza ipo ni batili Texas, hata kama nyumbani ilikuwa halali, na kuoa juu ya ndoa ni kosa la jinai. Watoto wa mke huyo, hata hivyo, wana haki zote za matunzo kwa baba yao. Msiwaache watoto wadhulumiwe kwa sababu ya ndoa ya wazazi.

Na talaka ya shekhe? Talaka tatu zikitamkwa sebuleni Houston, mbele ya Mungu mna hesabu yenu, lakini kwa jimbo bado mmeoana. Akioa tena kwa cheti cha kaunti, ameoa juu ya ndoa. Akinunua nyumba mwaka ujao, mahakama itaanza kwa kuihesabu nyumba ile kuwa mali ya ndoa. Pateni talaka zote mbili, ya dini na ya jimbo.

Wanaotaka kufunga ndoa ya jimbo, ni rahisi: leseni kwa karani wa kaunti, subirini saa 72, na mfunge kabla siku 90 hazijaisha. Umri ni miaka 18.

Bahasha

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo nimeona watu wakipoteza kila kitu.

Kesi inaanza mmoja anapowasilisha ombi la talaka kwa karani wa mahakama ya wilaya ya kaunti. Ada hutofautiana kwa kaunti, mara nyingi ni dola mia tatu na ushee. Asiye na uwezo anajaza tamko la kutomudu gharama, bure. Sababu inayotumika karibu na wote ni kwamba ndoa imeshindikana kwa kutoelewana na hakuna matumaini ya kupatana. Huhitaji kuthibitisha kosa la mtu. Kosa, kama uzinzi au ukatili, unaweza kulitaja likiwa na uzito kwenye mgawanyo wa mali.

Hapa hakuna baraza la usuluhishi la kupitia kwanza kama lile linalotakiwa na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Wengi wanadhani lazima wazee au viongozi wa dini waitwe kabla ya mahakama. Mwenzako anaweza kufungua leo bila kukuambia neno.

Halafu inakuja bahasha. Anaileta konstebo wa kaunti au mpelekaji aliyeidhinishwa, anakukabidhi mkononi. Kukataa kuipokea hakukusaidii. Ndani kuna ombi na wito, na wito una hesabu ambayo lazima uijue kwa kichwa: jibu lako lifike kwa karani kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu ya kwanza baada ya siku 20 kutimia tangu upokee. Tuchukue mfano. Umepokea Jumatano tarehe 4 Machi 2026. Ongeza siku 20, unafika Jumanne tarehe 24. Jumatatu inayofuata ni tarehe 30 Machi, saa nne asubuhi. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, na jibu lipeleke wiki moja kabla.

Dada mmoja aliniletea bahasha ya namna hiyo aliyokuwa ameiweka juu ya friji, chini ya mfuko wa unga wa ugali. Pembe moja ilikuwa imelowa mafuta, na haikuwa imefunguliwa. Aliniambia, "Nilijua ni mambo yake ya kunitisha, kaka. Wazee walikuwa wanakuja Jumapili." Wazee walikuja, walikula, walizungumza, mume akaitikia kila kitu. Mahakamani kesi ikaendelea. Tulipoangalia kwenye mtandao wa karani, hukumu ilikuwa imeshatiwa saini bila yeye kuwepo: nyumba kwa mume, watoto kwa mume. Tuliokolewa na tarehe. Hukumu ilikuwa na siku 19, na sheria inatoa siku 30 tangu kusainiwa kuomba kesi isikilizwe upya. Siku hiyohiyo tulikwenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Angekuja wiki mbili baadaye, ningekuwa na maneno ya pole tu.

Jibu si jambo la kuogopesha. Ni karatasi fupi inayosema unakanusha madai na unataka kusikilizwa. Kwa kawaida halina ada. Fomu zipo bure TexasLawHelp.org, na maktaba za sheria za kaunti kubwa huwa na watu wa kukuonyesha fomu ilipo. Ukitaka nawe kuomba talaka, watoto au mali, wasilisha ombi lako la kukabiliana, kwa sababu ukikanusha tu na mwenzako akaamua kuifuta kesi, umebaki mikono mitupu.

Kuna karatasi nyingine ya kuogopwa kuliko bahasha: hati ya kuacha kufikishiwa wito. Mwenzako anakuja nayo kwa upole, "saini hapa tu, tusilipe konstebo." Wakati mwingine ni nia njema. Lakini zipo zenye sentensi inayosema unaacha haki ya kupewa taarifa ya jambo lolote litakaloendelea, hata siku ya hukumu. Hati hiyo haitakiwi kusainiwa kabla ombi halijawasilishwa. Soma kila mstari au somewa na mtu unayemwamini ambaye si ndugu wa upande wowote. Na mthibitishaji anayepiga mhuri wa saini si wakili. Hapa Marekani mhuri wake haumpi ruhusa ya kukushauri sheria wala kukuandikia kesi. Watu wetu wengi wamelipa hela nyingi kwa mtu mwenye mhuri tu.

Baada ya kufungua, siku 60 lazima zipite kabla hakimu hajatoa talaka, isipokuwa kwenye hali fulani za ukatili wa nyumbani. Mke akiwa mjamzito, mahakama kwa kawaida zinasubiri mtoto azaliwe. Siku hizo 60 si za kukaa bure. Kaunti kadhaa, Dallas na Travis zikiwemo, zina amri inayowashika wote wawili tangu kesi inapofunguliwa: msifiche mali, msiwaondoe watoto shuleni, msifute bima. Unaweza pia kuomba amri za muda: nani akae kwenye nyumba, nani alipe mkopo wa gari, watoto walale wapi. Nakusihi uzichukulie kwa uzito, maana mpangilio wa muda mara nyingi ndio unaozoeleka ukawa wa kudumu.

Mwenzako akiwa Mwanza au Bukavu, talaka inawezekana, ila kumfikishia karatasi kunachukua muda, na kama hajawahi kuishi Texas mahakama inaweza kuvunja ndoa ikashindwa kumwamuru juu ya mali au matunzo.

Mkalimani omba mapema, siku unapopeleka jibu, si asubuhi ya kesi. Na useme ni Kiswahili gani. Nimemwona mama wa Uvira akiitikia "ndiyo" kwa mkalimani wa Unguja bila kuelewa nusu ya aliyoulizwa, kwa kuwa aliona aibu kumkatiza mzee. Hakimu haoni aibu hiyo, anasikia "ndiyo". Inua mkono, sema hujaelewa. Na tafadhali, mtoto wa darasa la sita asitafsiri talaka ya wazazi wake.

Watoto

Kipimo cha mahakama ni kimoja: maslahi ya mtoto. Desturi ya kwamba watoto ni wa ukoo wa baba haina nafasi, na vilevile hakuna sheria inayosema mdogo lazima abaki kwa mama. Texas inaanza kwa dhana kwamba wazazi wote wawili wawe walezi wa pamoja. Hiyo haimaanishi siku sawa kwa sawa. Inamaanisha wote wana sauti kwenye shule, matibabu na malezi, huku mmoja akipewa haki ya kuamua mtoto ataishi wapi, mara nyingi ndani ya kaunti fulani na zile zinazopakana nayo. Ushahidi wa ukatili wa nyumbani unavunja dhana hiyo.

Mzazi mwingine hupewa ratiba ya kawaida ya jimbo wasipokubaliana vinginevyo: wikiendi ya kwanza, ya tatu na ya tano ya mwezi, Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni, Alhamisi za muhula saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, na siku 30 za kiangazi. Anayeishi zaidi ya maili 100 anapata siku 42 za kiangazi. Wanaoishi ndani ya maili 50 kwa kawaida wanaongezewa muda. Idd haimo kwenye ratiba hiyo ya kawaida. Krismasi imo, siku ya kuzaliwa imo. Kama Idd ni muhimu kwenu, na najua ni muhimu, iandikeni kwenye makubaliano, mkizingatia kwamba mwezi unaandama tarehe tofauti kila mwaka. Hakimu atasaini. Asiyeandika hugombana nayo kila mwaka.

Wengine husema mtoto akifika miaka 12 anachagua. Texas haisemi hivyo. Kuanzia miaka 12, mzazi akiomba, hakimu anazungumza na mtoto faraghani asikie anachotaka. Anayeamua ni hakimu.

Baba ambaye hajaoana na mama wa mtoto asijidanganye kwamba jina alilompa mtoto linatosha. Ubaba wa kisheria unapatikana kwa hati ya kukiri ubaba iliyosainiwa na wote wawili, au kwa amri ya mahakama. Kwa upande mwingine, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 300 tangu ivunjike, mume anahesabiwa kuwa baba mpaka mahakama iseme vingine. Mmetengana miaka mitatu bila talaka na mama amepata mtoto kwa mwingine? Jina lako limo kwenye hilo jambo, lishughulikieni.

Halafu kuna safari ya kwa bibi. Kwetu kumpeleka mtoto kwa bibi Korogwe akae mwaka mmoja, ajue lugha na adabu, ni malezi mema. Hapa, mzazi mwenzako asiporidhia, kumtoa mtoto nchini kwa nia ya kumzuilia mwenzako haki zake ni kosa la jinai la shirikisho, kwa sheria ya mwaka 1993. Pata ridhaa ya maandishi, yenye tarehe ya kwenda na ya kurudi, yenye mhuri wa mthibitishaji. Na kama wewe ndiye unayeogopa mwenzako ataondoka na watoto, mwambie wakili siku ya kwanza: mahakama inaweza kuamuru pasipoti zishikwe. Pasipoti ya Marekani ya mtoto wa chini ya miaka 16 inahitaji ridhaa ya wazazi wote wawili.

Matunzo ya watoto

Hesabu yake haina siri. Chukua pato la mwezi la mzazi anayelipa, toa kodi, makato ya hifadhi ya jamii, ada ya chama cha wafanyakazi na bima ya afya na meno ya mtoto. Kinachobaki kinapigwa asilimia: mtoto mmoja 20, wawili 25, watatu 30, wanne 35, watano 40. Anayebaki na dola 4,000 na watoto wawili analipa 1,000 kwa mwezi. Asilimia hizo zinahesabiwa kwenye dola 11,700 za mwanzo tu. Kikomo hicho kilipandishwa kutoka 9,200 tarehe 1 Septemba 2025. Wenye kipato cha chini ya dola 1,000 wana viwango vidogo zaidi.

Angalia ambacho hakimo kwenye makato: hela unayomtumia mama kila mwezi, ada ya mdogo wako chuoni, mchango wa msiba. Hakimu hatazitoa, hata ukileta risiti za miaka mitano. Najua uzito wake. Ni wajibu wetu na hatuwezi kuutupa. Lakini jipange ukijua kwamba mtoto aliye mbele ya mahakama anahesabiwa kwanza. Kinachozingatiwa ni mtoto wako mwingine mwenye haki ya kutunzwa nawe kisheria, hata akiwa Arusha. Mwenye mtoto mmoja kesini na mmoja kwingine, asilimia inashuka kutoka 20 hadi 17.5. Lete cheti cha kuzaliwa.

Malipo yanapita kwenye mfumo wa jimbo, kwa kawaida yakikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Usimpe mwenzako taslimu ukidhani umelipa. Hela ya mkononi ni rahisi kuhesabiwa zawadi, na deni likabaki. Ukipoteza kazi, deni halisimami lenyewe: omba mahakama ibadilishe kiwango mara moja, kwa sababu haitarudi nyuma kabla mwenzako hajapata taarifa ya ombi lako. Anayekwepa anaweza kunyang'anywa leseni ya udereva, kufungwa hadi miezi sita kwa kudharau amri, na deni likizidi dola 2,500 kunyimwa pasipoti ya Marekani. Matunzo yanaendelea mpaka mtoto afike miaka 18 au amalize sekondari, lolote litakalochelewa. Na haya mawili hayafungamani: asiyelipwa hawezi kumzuia mtoto kumwona mzazi, na aliyezuiwa kumwona mtoto hawezi kuacha kulipa. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas inawasaidia wazazi kufungua na kufuatilia matunzo bila malipo, mkiwa na ndoa au bila ndoa.

Mali, pamoja na kiwanja cha Kigamboni

Nyumbani tumezoea swali la nani alichangia nini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Ulikuwa ushindi mkubwa. Texas haianzi na swali hilo. Inaanza na dhana kwamba kila kilichopo siku ya kuvunjika kwa ndoa ni cha wote wawili, awe nani aliyefanya kazi, liwe jina la nani kwenye hati. Anayedai kitu ni chake peke yake ndiye athibitishe, kwa ushahidi wa wazi: alikuwa nacho kabla ya ndoa, alirithi, au alipewa zawadi.

Kisha hakimu anagawa kwa haki kadiri anavyoona. Si lazima iwe nusu kwa nusu. Anaangalia nani ana kipato kikubwa, nani anabaki na watoto, nani alivunja ndoa.

Mali ya nyumbani imo. Kiwanja cha Kigamboni mlichonunua ndani ya ndoa kinahesabiwa, hata kama mlikinunua mkingali Dar. Hakimu wa Texas hawezi kubadilisha hati ya ardhi Tanzania, lakini anaweza kumwamuru mtu aliye mbele yake asaini, au akampa mwenzake fidia kwenye nyumba ya Houston. Na hili wachache wanalijua: nyumba uliyorithi kwa baba inabaki yako, lakini kodi ya wapangaji inayoingia wakati wa ndoa, kwa sheria ya Texas, ni ya wote wawili. Usiichanganye na akiba ya urithi kwenye akaunti moja, maana zikishachanganyika utashindwa kuonyesha ipi ni ipi.

Orodhesha madeni kwa umakini uleule. Hukumu ikisema mume atalipa mkopo wa gari, benki haikuwa sehemu ya kesi. Jina lako likibaki kwenye mkopo, watakutafuta wewe. Taka mkopo ubadilishwe jina au gari liuzwe. Mafao ya kustaafu ya kazini yanahitaji amri ya pekee inayotumwa kwa msimamizi wa mfuko, tofauti na hukumu ya talaka. Watu husahau amri hiyo kwa miaka.

Mahari iliyoandikwa kwenye cheti cha nikahi? Ukitaka mahakama iihesabu kuwa mkataba wa kabla ya ndoa, isainini kabla ya ndoa ya kaunti, kwa maandishi, kila mtu kwa hiari yake. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Houston ilikataa kuihesabu mahari ya dola 50,000 kuwa mkataba wa kabla ya ndoa, kwa kuwa wenzetu hao walishafunga ndoa ya serikali miezi kadhaa kabla ya nikahi.

Posho ya mwenza baada ya talaka ipo lakini ni finyu. Mara nyingi inahitaji ndoa ya miaka 10 na kushindwa kujikimu, au ulemavu, au mwenzako awe ametiwa hatiani kwa ukatili. Kwa mwezi haizidi dola 5,000 au asilimia 20 ya pato ghafi la anayelipa, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Ukipigwa au kutishwa

Hatua zote za juu zinaweza kusubiri, hii haisubiri. Piga 911. Amri ya ulinzi haina ada kwa anayeomba, na mwanasheria wa serikali wa kaunti anaweza kukufungulia bure. Hakimu anaweza kutoa ya muda siku hiyohiyo bila mwenzako kuwepo, ikadumu hadi siku 20 mpaka shauri lisikilizwe. Ya kudumu kwa kawaida hufika miaka miwili. Simu ya kitaifa ya ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, inapokea usiku na mchana na wana wakalimani. Taja tu neno "Swahili". Usiogope kwa sababu ya karatasi: zipo njia za uhamiaji kwa mwenza anayeteswa ambazo hazihitaji saini ya anayemtesa. Na mwenye kadi ya kijani ya masharti ya miaka miwili anaweza kuomba masharti yaondolewe peke yake baada ya talaka, akionyesha ndoa ilikuwa ya kweli. Kwa hili tafuta wakili wa uhamiaji, maana wa talaka wengi hawalijui vizuri.

Hukumu ikitoka

Chukua kwa karani nakala kadhaa zilizothibitishwa kwa mhuri, si fotokopi. Subiri siku 30 kabla ya kufunga ndoa nyingine. Badilisha mrithi kwenye bima ya maisha na mafao ya kazini wiki hiyohiyo: mipango ya kazini inafuata sheria ya shirikisho, na jina la mwenza wa zamani likibaki kwenye fomu, yeye ndiye atakayelipwa ukifa, watoto wako wakiwa wanatazama.

Kama una mali au unataka kuoa au kuolewa nyumbani, nakala moja ipeleke ofisi ya Katibu wa Jimbo Austin ithibitishwe kwa matumizi ya nje, kisha uliza ubalozi wako hatua inayofuata. Tanzania, usajili wa ndoa na talaka uko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Fanya hivyo mapema, wakati nyaraka zote ungali nazo mkononi na namba ya kesi bado unaikumbuka.